Nishani ya Kisovieti ina mwenyewe

Watu wanaokusanya vitu vya kale wana maswali mawili ambayo huyauliza karibu kabla ya salamu. Je, kitu hiki ni halisi? Na je, bei yake ni ngapi? Si maswali mabaya, na mtu atoaye fedha zake ana haki ya kuyauliza. Walakini, katika biashara ya nishani, medali na beji za kijeshi za uliokuwa Muungano wa Kisovieti, nimeyaona maswali hayo mawili yakilimeza swali la tatu ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kutangulia: ilikuwa ya nani, na alipewa kwa jambo gani? Sisemi hivi kwa huruma tu. Nishani hizi zilitengenezwa kwa namna ambayo swali hilo lina jawabu, na asiyelitafuta hawezi hata kujua kwa yakini amenunua nini.

Kwanza tutenganishe mambo, kwa maana wauzaji hupenda kuyachanganya. Juu kabisa zilikuwepo nishani zenyewe, kama vile Nishani ya Lenin na Nishani ya Nyota Nyekundu, zote mbili za Aprili 1930, Nishani ya Vita vya Kizalendo ya Mei 1942, na Nishani ya Utukufu ya Novemba 1943 iliyokusudiwa hasa askari wa vyeo vya chini. Chini yake zilikuwepo medali: ile ya "Kwa Ushujaa" ya mwaka 1938, na zile za ukumbusho wa kampeni nzima, mathalani medali ya Ushindi dhidi ya Ujerumani ambayo walipewa watu karibu milioni 15. Kisha zikaja beji za vikosi, za ustadi, za vyuo na za sherehe, ambazo hazina idadi. Nishani zilikuwa na nambari upande wa nyuma, kila moja na yake. Medali ya "Kwa Ushujaa" nayo ilipewa nambari katika miaka ya vita. Medali za ukumbusho na beji nyingi hazikuwa nayo. Nambari ya nishani iliandikwa katika kijitabu cha mwenyewe kando ya jina lake, na tena katika kadi iliyobaki katika hifadhi ya serikali.

Hapa kwetu tunaweza kuuelewa uzito wa jambo hili upesi kuliko wengi. Wazee wetu wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944 walipewa nyota za Kiingereza ambazo hazikuandikwa jina wala nambari. Medali za Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliziandika ukingoni nambari ya askari, jina lake na kikosi chake; nyota za Vita vya Pili walizitoa tupu. Nyota ya Burma ikishatoka katika sanduku la nyanya huko kijijini, hakuna awezaye tena kutambua ilikuwa ya mzee yupi. Serikali ya Stalin, pamoja na ukatili wake wote usio na kificho, ilimpa askari wa miguu nambari yake na kuihifadhi. Ajabu ni kwamba sisi tunaoweza kuisoma nambari hiyo ndio tunaoitumia kwa kazi duni kabisa ya kupandishia bei.

Tuanze na madini, kwani mnunuzi hana budi kuanzia hapo. Chukua Nyota Nyekundu, ambayo ndiyo aghalabu hupatikana sokoni maana zilitolewa karibu milioni nne. Ni nyota ya pembe tano, ya fedha, yenye rangi nyekundu iliyoiva. Upana wake ni baina ya milimita 47 na 50, na uzito wake takriban gramu 33. Katikati pana sura ya askari aliyevaa koti refu na kushika bunduki, na kumzunguka pana maandishi ya kuwataka wafanyakazi wa nchi zote waungane. Nishani halisi ilipigwa chapa kwa muhuri wa chuma chini ya mtambo wenye nguvu nyingi, na kwa hivyo kila mstari una kingo kali: vidole vya askari vinahesabika, na mikunjo ya koti lake inaonekana. Mghushi wa kawaida hana mtambo huo. Huchukua nishani halisi, akaifanyia kalibu, akasubu nakala. Nakala ya kusubu hujifichua yenyewe. Madini yapoapo hunywea kidogo, ikawa ndogo kuliko mama yake. Huwa na vitundu vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Na uso wa askari huwa kama wa mtu aliyesuguliwa kwa sabuni miaka mingi mpaka pua ikalainika.

Rangi nayo ni shahidi. Haikuwa rangi ya mkebe. Ilikuwa enameli, yaani unga wa kioo wenye rangi, uliotandazwa juu ya fedha na kuyeyushwa katika tanuri. Kioo hicho kina kina chake ukikitazama kwenye mwanga, na kikivunjika huvunjika kama kioo, kwa ukingo mkali. Bandia nyingi hupakwa rangi ya plastiki inayokauka pasipo moto, na ukiichoma kwa ncha ya sindano inabonyea. Sindano haiingii katika kioo. (Jaribio hili halifanywi kabla ya kuomba ruhusa. Nimeshuhudia urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa ajili ya sindano.)

Geuza sasa upande wa nyuma. Utaona parafujo iliyolehemiwa na nati ya mviringo iliyokazia nishani kwenye koti. Pamepigwa chapa maneno ya Kirusi, Monetny Dvor, yaani kiwanda cha sarafu, na pamechongwa nambari. Katika nishani za miaka ya vita nambari hiyo ilichongwa kwa mkono, na chini ya lenzi kazi ya mkono haifichiki. Kisu cha mchongaji hulima madini kama plau ilimavyo shamba, kikaacha mfereji wenye tuta dogo pembeni. Kekee ya umeme ya mghushi huacha mitetemo. Tena nambari haina budi kuoana na umbo. Kiwanda kilibadilisha mihuri na ujenzi mara kwa mara, na wachunguzi wamekwisha kuyapanga maumbo hayo sambamba na nambari zake, hivi kwamba nambari ya mwaka 1942 ikikutwa mgongoni mwa umbo lililoanza kutengenezwa miaka mingi baadaye, pana mtu amedanganya. Ukiona herufi ya Kirusi ya D pembeni mwa nambari usishtuke. Ni alama ya nishani iliyotolewa badala ya nyingine iliyopotea.

Hayo yote mtu mwenye lenzi, mizani ya sonara na subira anaweza kujifunza kwa miezi michache. Wengi hukomea hapo. Wakishapata fedha halisi, rangi halisi na nambari halisi hufunga mjadala, ilhali mimi naona kwamba mjadala haujaanza.

Mnamo Juni 1944, vita vikingali vinaunguruma, serikali ya Moscow iliamuru kwamba wanajeshi watunukiwe nishani kwa sababu ya miaka ya utumishi. Aliyetimiza miaka 10 alipewa medali ya "Kwa Huduma ya Vitani". Aliyetimiza miaka 15 alipewa Nyota Nyekundu. Wa miaka 20 alipewa Nishani ya Bendera Nyekundu, na wa miaka 25 Nishani ya Lenin. Utaratibu huo uliendelea hadi mwaka 1957. Hazikutengenezwa nishani nyingine kwa ajili hiyo, wala hazikutiwa alama yoyote ya kuzitofautisha. Zilikuwa zilezile walizopewa watu waliovuka mto Dnieper chini ya mizinga.

Basi ziweke Nyota mbili juu ya meza. Moja huenda alipewa mtu aliyetambaa usiku kucha akitegua mabomu ili wenzake wapite alfajiri. Ya pili huenda alipewa karani wa ghala aliyehesabu buti kwa miaka 15 pasipo kusikia mlio wa risasi. Simdharau karani, kwani jeshi lisilo na buti halifiki Berlin. Lakini haya ni mambo mawili, na fedha ni ileile, kioo ni kilekile, mchongaji wa nambari pengine ni yuleyule. Hakuna lenzi duniani iwezayo kuzitenganisha. Mtu akikuambia kwamba amekuhakikishia uhalisi wa nishani yako, naye hajui ni ipi kati ya hizo mbili, amekuhakikishia kipande cha madini tu.

Jawabu limo katika karatasi. Katika mji wa Podolsk, kusini mwa Moscow, ndiko iliko hifadhi kuu ya nyaraka ya Wizara ya Ulinzi ya Urusi. Humo mna kadi za waliotunukiwa na hati za mapendekezo ambazo makamanda waliziandika kwa mkono au kwa taipu, wakieleza askari fulani alifanya nini, wapi na lini. Hati hizo hazikuandikwa na washairi. Huanza na mwaka wa kuzaliwa, taifa lake, kama ni mwanachama wa chama, amejeruhiwa mara ngapi na aliandikishwa jeshini wapi. Kisha inafuata aya moja ya tendo lenyewe, mara nyingi kwa Kirusi kikavu cha mtu aliyekuwa na hati nyingine nyingi za kuandika usiku huo. Tangu mwaka 2010 wizara hiyo imeziweka hati nyingi za vita vile katika tovuti iitwayo Podvig Naroda, na tangu mwaka 2015 katika nyingine iitwayo Pamyat Naroda. Mwenye jina la askari anaweza kuisoma hati yake akiwa Nairobi au Nakuru.

Ila mlango huo hufunguliwa kwa jina. Mwenye nambari peke yake, asiye na kijitabu, hana budi kuifikia kadi yenyewe, na hiyo ni kazi ya watu wachache wenye muda, lugha na njia. Hivyo kile kijitabu kilichochakaa, ambacho sokoni huonekana kama takataka, ndicho ufunguo. Nacho ndicho cha kwanza kutupwa.

Nilikuwa mwanafunzi mjini Moscow mwaka 1992. Tarehe 2 Januari mwaka huo serikali iliziachilia bei za bidhaa, na kufikia Disemba zilikuwa zimepanda zaidi ya mara ishirini. Pensheni za watu waliopigana kutoka mto Volga hadi Berlin ziligeuka kuwa senti za mkate na maziwa. Katika mtaa wa Arbat, wapitapo watalii, meza zilijaa kofia za manyoya, bendera, saa na nishani. Nazikumbuka hasa meza mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ilikuwa na nishani ndani ya mkebe wa biskuti, zimemwagwa kama maharagwe. Ya pili, ya mtu mwingine kabisa, ilikuwa na vijitabu vilivyofungwa kwa mpira, kumi kumi. Nilimwuliza kijana wa meza ya pili ni kwa nini vijitabu haviko pamoja na nishani zake. Akanijibu, pasipo uchungu wowote, kwamba wageni hawasomi Kirusi.

Yule kijana alikuwa mfanyabiashara mwenye akili timamu. Aliwauzia wageni walichokitaka, nao walitaka kitu kinachong'aa. Lakini katika dakika ile ya kufungua kijitabu na kuitoa nishani iliyokuwa imefungamana nacho kwa miaka karibu 50, mtu mmoja alikufa mara ya pili, na hakuna sheria wala mizani iwezayo kumfufua kwa urahisi.

Matokeo yake tunayaona katika orodha za minada mpaka leo. Nishani ya Utukufu ilikuwa na daraja tatu, na askari alianza na ya tatu, akapanda. Ya tatu iliweza kutolewa na kamanda wa divisheni, ya pili na kamanda wa jeshi zima, na ya kwanza, ile ya dhahabu, ilitolewa kwa amri ya Moscow peke yake. Waliozipata zote tatu walikuwa zaidi kidogo ya 2,600 katika jeshi la mamilioni. Sasa, kwa kuwa nishani hizo tatu zilitolewa na mikono tofauti kwa nyakati tofauti, nambari zake hazifuatani, na mnunuzi hatarajii zifuatane. Mjanja hununua ya tatu ya mtu mmoja, ya pili ya mtu mwingine, akipata na ya kwanza ya mtu wa tatu huipanga pamoja nazo juu ya mahameli, akaziuza kama za shujaa mmoja. Kila kipande ni halisi. Mpime, mchunguze, mchome sindano, hamtapata kosa. Shujaa ndiye ambaye hakuwepo. Kwangu mimi huu ni ughushi mbaya kuliko wa kalibu, kwani wa kalibu humwibia mnunuzi fedha, na huu huwaibia watu watatu kazi yao na kumpa mtu asiyekuwepo.

Nishani ya Vita vya Kizalendo ndiyo inayonunuliwa kwa pupa zaidi, na hapo msomaji awe macho. Zile za kwanza za mwaka 1942 zilining'inia kwenye utepe. Katikati ya mwaka 1943 amri ilibadilika, zikawa za parafujo, na wengi waliokuwa na za utepe walizifanyia marekebisho ili kutii amri. Za utepe zisizoguswa ni chache, na zinauzwa ghali, kwa hivyo wako wanaozirudisha nyuma kwa koleo na tindikali. Kisha, mwaka 1985, miaka 40 baada ya ushindi, serikali iliwapa nishani hiyo wapiganaji wote waliokuwa bado hai, mamilioni ya watu, na zikatengenezwa upya kwa fedha iliyopigwa chapa kwa kipande kimoja, zile za daraja la kwanza zikipakwa dhahabu juu yake. Hizo si bandia hata kidogo. Mzee aliyepewa alikuwa amepigana. Lakini muuzaji akikuambia kwamba hiyo ya kipande kimoja ilitolewa Stalingrad, ambako mapigano yalikwisha Februari 1943, mrudishie.

Nimewahi kujibiwa na wakusanyaji wenzangu kwamba pasipo soko nishani nyingi zingeyeyushwa na masonara, na kwamba ni wakusanyaji wa nchi za Magharibi waliowalipa watafiti katika miaka ya 1990 waende Podolsk kunakili hati. Ni kweli, tena ni haki kuwashukuru. Hadithi za askari wengi wa vijijini zilisomwa kwa mara ya kwanza na mgeni aliyenunua nyota yao. Hata hivyo, soko hilohilo lilipogundua kwamba nishani yenye hadithi nzuri ina bei kubwa kuliko isiyo na hadithi, likaanza kutengeneza hadithi. Vijitabu bandia sasa vinauzwa. Na nishani iliyotafitiwa ikaonekana kuwa ya karani wa buti hurudishwa sokoni kimya kimya bila ya karatasi yake, ili mnunuzi mwingine aote ndoto yake. Hili la pili linaniudhi kuliko la kwanza. Mtu ameujua ukweli, ameulipia, kisha ameutupa kwa sababu haukumfaa.

Na isidhaniwe kwamba balaa hili lilianza Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991. Mwezi wa Julai 1983, mjini Moscow, aliuawa nyumbani kwake Georgy Kholostyakov, amiri wa jeshi la majini mwenye umri wa zaidi ya miaka 80 na Shujaa wa Muungano wa Kisovieti, pamoja na mkewe. Wauaji walikuwa mume na mke vijana waliojifanya wanahabari wanafunzi waliokuja kuandika kumbukumbu zake. Walichokitaka ni nishani zake. Kumbuka kwamba wakati huo biashara hiyo ilikuwa haramu kabisa, na dola lilikuwa na macho kila mahali. Nyota ya dhahabu ya Shujaa ina uzito wa gramu 21 na nusu.

Urusi ya leo bado inaikataza. Kifungu cha 324 cha sheria yake ya jinai kinamwadhibu anunuaye na auzaye nishani za serikali, zikiwemo za Kisovieti. Nia naielewa, wala siwezi kumcheka mtunga sheria anayemkumbuka Kholostyakov. Kwa muda mrefu sheria ya Kisovieti yenyewe iliziona nishani kuwa amana: mwenyewe akifa zilipaswa kurejeshwa serikalini, na ile ya Vita vya Kizalendo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuruhusiwa ibaki na jamaa. Lakini dola hilohilo, kuanzia Januari 1948, liliwaondolea wenye nishani posho ndogo ya kila mwezi waliyokuwa wakilipwa kwa ajili yake, na mwaka huohuo tarehe 9 Mei ikafanywa siku ya kazi kama siku nyingine, mpaka mwaka 1965. Ukiwafundisha watu kwa miaka 17 kwamba kitu hakina maana, usistaajabu wajukuu wakikipeleka sokoni.

Nionavyo mimi, katazo tupu lina kasoro moja kubwa. Kijitabu chenye jina huwa ushahidi dhidi ya muuzaji. Nishani isiyo na jina ni vigumu kumfuatia mtu. Basi muuzaji mwenye hofu hukichoma kijitabu na kuiuza nishani. Ningekuwa na sauti katika jambo hili ningependekeza kinyume chake: nishani na karatasi zake zihesabiwe kuwa kitu kimoja kisichogawanyika, na adhabu iwe kwa azitenganishaye. Minada ya London na ya Marekani, ambako biashara hii ni halali, haina haja ya kungojea sheria ya mtu. Inaweza kuanza kesho kuikataa seti yoyote ambayo nambari zake hazikuonyeshwa na ambayo muuzaji hasemi wazi kama ni ya mtu mmoja au imeunganishwa.

Beji ni habari nyingine, na sina mengi ya kuzisemea. Beji ya Gwardia ilianzishwa Mei 1942, pamoja na zile za ustadi kama ya Mdunguaji Bora, nazo hazikuwa na nambari. Zilitengenezwa na viwanda na karakana nyingi, nzuri na mbaya, na zile za Gwardia ziliendelea kutengenezwa kwa miongo baada ya vita. Beji ya Mdunguaji hughushiwa sana kwa sababu kila mtu anataka kuwa na ya mdunguaji, na hakuna anayetaka ya mpishi. Baada ya 1991 zikaongezwa beji za kuwauzia watalii, nyingine za majasusi, ambazo hakuna idara yoyote iliyowahi kumpa mtu. Ushauri wangu ni mfupi: kama haina picha ya mwenyewe akiwa ameivaa, au cheti chenye jina, ilipie bei ya kifungo kizuri cha koti na usijivunie zaidi ya hapo.

Nimeyaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu ya simu na barua ninazopata kutoka kwa familia za Wakenya waliosomea huko. Chuo Kikuu cha Urafiki mjini Moscow kilianzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, na vijana wetu, wengi wao kwa jitihada za Jaramogi Oginga Odinga, walikuwa miongoni mwa waliokwenda kusoma katika nchi hiyo miaka ile. Walirudi na beji ya kuhitimu yenye umbo la msambamba, na vijibeji vya Lenin na Gagarin walivyopewa na wenzao darasani. Wachache walipewa na mwenye nyumba au mwalimu mzee medali ya kweli ya vita. Wazee hao sasa wanatutoka mmoja mmoja, na watoto wao wananiuliza bei.

Vijibeji havina bei ya maana, na ni halisi karibu vyote, kwani hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvighushi. Msivisugue kwa Brasso kama buti za gwaride, maana uchafu ule wa miaka 60 ni sehemu ya ushahidi. Medali ikiwepo, isomeni nyuma kwa lenzi na mnakili nambari yake kama ilivyo. Kisha kaeni na mama yenu, kama yu hai, mumwulize baba aliipata kwa nani, katika mji gani na mwaka gani. Yaandikeni hayo pamoja na jina la baba na somo alilosomea, karatasi hiyo iwekwe ndani ya kisanduku kilekile. Tumieni penseli. Wino wa kalamu za siku hizi hufifia.